Jiwe Haliivi kwa Subira

Meneja wetu mpya aliletwa kutoka kampuni ya kuuza magodoro, na kwa mtu mwenye akili timamu hilo peke yake lilitosha kumwonyesha tunakoelekea. Wafanyakazi walimpa jina la Magodoro kabla hajamaliza wiki. Siku ya kwanza alitembea uani kwa viatu vyeupe katikati ya vumbi la chokaa, akaligonga tanuri kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akaungua, akajifanya hakuungua. Nilimtazama kupitia dirisha la maabara nikacheka peke yangu.

Mimi ndiye mkemia wa kiwanda. Niko peke yangu katika chumba chenye meza, mizani, chupa za asidi, tanuri dogo la umeme lisilozidi kabati la viatu, na feni ukutani ya kuvuta hewa nje. Uani waliniita Madamu Asidi wakidhani sijui. Nilijua, na jina lilinipendeza. Wakati ule niliamini watu ni mafungu mawili, wanaojua kupiga hesabu na wanaonipotezea muda, na katika fungu la kwanza, kwa kiwanda kile, nilikuwamo mimi tu.

Kazi yetu haina miujiza. Mawe ya chokaa yanakuja kwa lori, yanapasuliwa yawe na ukubwa wa ngumi, yanapandishwa kwa mkanda mpaka mdomoni mwa tanuri lililosimama kama mnara, yanachomwa kwa mafuta mazito, na chini inatoka chokaa. Jiwe likiiva linakuwa limeachia hewa-ukaa iliyofungwa ndani yake, linabaki jepesi na jeupe. Lile lililoiva ukilimwagia maji linafoka mvuke, linavimba, linasambaratika. Lililo bichi linalowa tu, basi.

Mchomaji wa tanuri alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja. Kiwandani walimwita Mpishi. Mama alipofariki nikiwa darasa la tano, ni yeye aliyenichukua, na mshahara wa tanuri ndio ulionivusha shule zote mpaka chuo kikuu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili mbele ya moto ule. Hakuwa na cheti hata cha kufulia nguo, lakini alikuwa na jambo moja alilojivunia kuliko mtu mwenye vyeti kumi: hajawahi kulala zamu. Alikataa hata kiti chenye mgongo, akawa anakalia debe lililopinduliwa, kwa sababu, alisema, mgongo ukishapata pa kuegemea, jicho nalo linataka lake. Vijana wa zamu walisema Mpishi hata akipiga chafya anafumba jicho moja moja.

Basi asubuhi moja Magodoro akatuita ofisini, mimi na mjomba na karani wa utumishi, mama mmoja mnene mwenye tabia ya kuitikia kwa kichwa hata pasipokuwa na swali. Mezani palikuwa na karatasi ya agizo. Joto la tanuri lishushwe kutoka digrii mia tisa na hamsini hadi mia saba na hamsini. Na ili kufidia, mawe yakae ndani siku tatu badala ya moja.

"Nimefikiri sana," alisema Magodoro, na kwa jinsi alivyosema niliona ilikuwa mara yake ya kwanza. "Nyumbani kwangu maharage yanapikwa kwa moto mdogo tangu asubuhi. Yanalainika kuliko ya moto mkali. Sisi hapa tunakimbilia wapi? Haraka haraka haina baraka. Moto mdogo, muda mrefu. Mafuta yanapungua, jiwe linaiva."

Karani akaitikia kwa kichwa. Mjomba alitazama chini.

"Meneja," nikasema, "jiwe si maharage."

"Dada mkemia, joto ni joto."

Nikachukua kalenda yake ya mezani, nikaigeuza, nikaanza kuandika nyuma yake bila kuomba ruhusa. Nilimweleza taratibu, kwa ile sauti ya kumsemesha mtoto aliyemeza kifungo. Kila mmenyuko, nilisema, una maswali mawili ya kujibu kabla haujajiendea wenyewe. La kwanza ni la joto: unatoa joto au unalidai? Hiyo ndiyo enthalpi, na vitu hupenda kutoa. La pili ni la kutawanyika: mwishoni, chembe zitabanwa mahali pamoja au zitapata nafasi zaidi ya kuzagaa? Hiyo ndiyo entropi, na vitu hupenda kuzagaa. Majibu yote mawili yakikubali, mmenyuko unakwenda iwe baridi iwe joto. Yote mawili yakikataa, hauendi kamwe, hata uupigie magoti. Moja likikubali na jingine likikataa, mwamuzi ni halijoto, kwa sababu halijoto ndiyo inayolipa uzito swali la pili.

"Barafu ukiiweka mezani," nikaendelea, kwa kuwa niliona macho yake yameshaanza kutafuta mlango, "inadai joto ili iyeyuke. Kwa swali la kwanza ingekataa. Lakini inayeyuka yenyewe, hakuna anayeilazimisha, kwa sababu maji yana uhuru ambao barafu haina, na chumba kina joto la kuupa uhuru huo uzito. Sasa irudishe kwenye jokofu. Uhuru ni ule ule, uzito umepungua, barafu inabaki barafu. Iache humo mwaka mzima. Itayeyuka kwa subira?"

"Kwenye jokofu langu inayeyuka," alisema Magodoro. "Mlango haufungi vizuri."

Mungu ni shahidi, hakuwa anatania.

Nikamwandikia hesabu ya jiwe lenyewe. Kwa swali la kwanza jiwe la chokaa linakataa: linadai kilojuli mia moja sabini na nane kwa kila moli. Kwa la pili linakubali: hewa iliyofungwa inapata kutoka, na entropi inapanda kwa juli mia moja na sitini kwa kila digrii. Gawanya kile kwa hiki, toa mia mbili sabini na tatu, unapata digrii mia nane na arobaini, juu kidogo chini kidogo. Sisi tunakwenda mia tisa na hamsini ili joto lifike mpaka moyoni mwa jiwe na kazi imalizike siku ile ile.

"Chini ya mia nane na arobaini," nikasema, "jiwe haliivi. Lipike siku tatu, lipike miaka mitatu, lipike mpaka siku ya kiama. Muda unakisaidia kinachokwenda kifike. Kisichokwenda, muda haukipeleki popote."

Magodoro aliitazama kalenda yake iliyoharibika. "Asante, mwalimu," alisema. Kisha akasaini agizo lake, akampa mjomba. "Subira yavuta heri, mzee."

Tulipotoka nje mjomba aliniambia, "Mwanangu, mtu ukimwambia ukweli huku umemkanyaga mguu, atakumbuka mguu tu." Nikamjibu kwamba mguu wenyewe hauna kazi. Alicheka kwa heshima, akaenda kulishusha tanuri kama alivyoagizwa.

Wiki ya tatu malori mawili yalirudi kutoka kiwanda cha ngozi. Mzigo ulikuwa mawe. Yalikuwa na unga mweupe kwa juu, unene wa ganda la yai, na ndani ni jiwe lile lile lililotoka machimboni, zito, la kijivu, halina habari. Nililidondoshea moja asidi mbele ya watu, likatoa povu, hewa-ukaa yake yote bado imo, kama ambavyo lingetoa siku Mungu alipoliumba. Nilifurahi, sitaficha. Nililibeba jiwe lile mkononi kuelekea ofisini nikiwa nimeshapanga maneno.

Nilichelewa. Magodoro hakuwa na akili ya kemia, lakini ile ya kujiokoa alikuwa nayo tele. Ubaoni kulikuwa kumeshabandikwa barua: mchomaji wa tanuri anashtakiwa kwa kulala kazini na kuacha moto ukazimika mara kwa mara, hivyo kusababisha mzigo kutoka mbichi.

Nilimkuta mjomba amesimama mbele ya barua ile. Alikuwa anaisoma kwa kidole, neno moja moja, na kidole kilipofika kwenye neno "kulala" kilisimama hapo.

"Wangesema nimeiba," alisema. "Mwizi angalau yuko macho."

Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Lakini nilimfahamu, na nilijua si miezi ile iliyomuuma. Mtu anapotoka kazini baada ya miaka ishirini na miwili bila cheo na bila mali, anachotoka nacho ni kile watu watakachosema juu yake, na alichokuwa nacho mjomba ni neno moja tu, kwamba hakulala. Hicho ndicho Magodoro alichotia mkono wake mnene akakichukua, ili kufunika ujinga wake wa maharage.

Shauri lilisikilizwa kwenye chumba cha chakula, Jumatatu, meza zimesogezwa ukutani. Walikaa Magodoro, karani, na wafanyakazi kama ishirini walioruhusiwa kusikiliza. Sikungoja kuitwa. Nilisema agizo la mia saba na hamsini ndilo lililotoa mawe mabichi, na kwamba hata malaika angekaa mbele ya tanuri lile bila kupepesa jicho, mawe yangetoka vile vile. Nikarudia hesabu. Nikasema mtu aliyezoea kuuza vitu vya kulalia si ajabu akaona usingizi kila mahali. Watu wakacheka. Kicheko kile kilinilevya kuliko pombe.

Magodoro hakukasirika. Hilo lingenishtua kama ningekuwa namwona kama mtu. "Dada mkemia una tanuri lako maabara," alisema. "Weka jiwe humo, mia saba na hamsini, siku tatu, kama agizo langu lilivyosema. Lisipoiva, kosa ni langu, nitabandika barua ya kujiumbua pale ubaoni. Likiiva, basi agizo halina kosa, na mzee alilala. Unakubali?"

"Nakubali. Andikeni."

Karani akaandika. Mjomba alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali. Mimi wa kwanza sikumuuliza. Jina lilikuwa lake, na mimi ndiye niliyeliweka mezani.

Jioni ile, kabla ya kwenda nyumbani, alipita maabara. Nilikuwa nimevunja jiwe kwa nyundo vipande vya ukubwa wa harage, kwa sababu kikombe cha tanuri langu ni kidogo, na nimevipanga safu moja. Tanuri lilikuwa limeshawaka. Feni ilikuwa inavuma juu yake, inavuta hewa ya tanuri kupitia tundu na kuitoa nje, maana siwezi kufanya kazi kwenye chumba kinachonuka.

Mjomba alizunguka meza, mikono nyuma. "Vipande vyako ni kokoto," alisema. "Vyangu ni ngumi."

"Haidhuru, mjomba."

"Na hapa pana kuvuta. Tanuri langu halivuti hivi. Mle ndani moshi umekaa, mtu anaweza kuukata kwa kisu. Zima hii feni, mwanangu."

"Mjomba," nikasema, na bado naisikia sauti yangu, ni ile ile ya mtoto aliyemeza kifungo, "kanuni haijui ngumi wala kokoto. Haijui feni. Mia nane na arobaini ni mia nane na arobaini. Nenda ukapumzike."

"Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma." Akaenda zake.

Alhamisi saa nne walijaa maabara mpaka mlangoni. Magodoro alivaa viatu vyake vyeupe. Nilifungua tanuri, nikatoa kikombe kwa koleo, nikakiacha kipoe juu ya tofali huku nikiwaeleza, kwa furaha, watakachokiona. Wataona jiwe likilowa tu, nilisema, wala wasisogee nyuma, maana hakutakuwa na kitu cha kuogopa. Nikamwaga vipande kwenye sahani ya bati. Vilikuwa vyepesi mno. Mkono ulijua kabla yangu. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na bilauri ya maji ilikuwa imeshainama.

Vilifoka. Mvuke ukapanda mpaka kwenye miwani yangu, vipande vikapasuka vikiguna, vikavimba, vikawa unga mweupe laini kuliko wowote uliowahi kutoka kiwandani. Watu waliokuwa mbele walirudi nyuma wakikanyagana.

Kwa ule muda niliokuwa napangusa miwani, nilielewa yote. Mia nane na arobaini ni joto la mahali ambapo hewa-ukaa imejaa tele, imelizunguka jiwe na kulikandamiza. Hewa ile ikivutwa mara tu inapotoka, nje ya jiwe panabaki patupu, na kutoka kuelekea patupu ni kuzagaa kukubwa zaidi. Swali la pili linapata nguvu, na mizani inageuka hata kwa mia saba na hamsini. Katika tanuri kubwa mawe yamerundikana mita kumi na mbili, moshi wa mafuta wenyewe umejaa hewa ile ile, haina pa kwenda. Mle jiwe haliivi kweli. Kwenye kikombe changu, kokoto safu moja na feni inavuta siku tatu, lingekosaje kuiva? Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua. Nilipokuwa mwaka wa pili nilijua.

"Subirini," nikasema. "Ni feni. Kwenye tanuri kubwa hewa haitoki namna hii. Mbano wa hewa unabadilisha..."

"Dada mkemia," alisema Magodoro kwa upole, "ulisema mpaka siku ya kiama. Kiama kimefika Alhamisi?"

Walicheka. Walikuwa watu wale wale walionichekea Jumatatu, na niliona kwamba wamelisubiri cheko hili miaka minne, tangu nilipoingia pale na pua yangu juu. Nilieleza tena, kwa sauti ya juu zaidi. Nilisema ukweli mtupu, kila neno lake, na hakuna hata mmoja aliyeuamini, kwa kuwa juzi niliwaambia kinyume chake kwa sauti hiyo hiyo. Mtu mmoja nyuma alisema, "Mdharau mwiba mguu huota tende," na karani akaitikia kwa kichwa.

Nilimtafuta mjomba kwa macho. Alikuwa ameshatoka.

Siku ya pili yake karani alikuja maabara akafunga mlango. Alisema Magodoro anataka vichwa viwili, cha mzee kwa kulala na changu kwa kupotosha uongozi na kutukana hadharani. Lakini kuna njia. Nikiandika barua kukiri kwamba hesabu yangu ilikuwa na kasoro, kwamba jaribio langu halikufanana na tanuri kubwa, na nikaomba radhi kwa maneno niliyosema, shauri zima litafunguliwa upya, labda na wataalamu wa nje.

"Radhi ya kawaida tu, Madamu," alisema. "Mistari mitano."

Niliandika kurasa nne. Nilianza vizuri, "Naomba radhi." Ukurasa wa pili nilikuwa naeleza mbano wa hewa. Ukurasa wa nne nilimalizia kwa kusema kwamba kosa langu lilikuwa dogo na la kitaalamu, tofauti na kosa la mtu asiyejua jiwe na harage vinatofautiana wapi. Karani aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Hii si radhi," alisema. "Haya ni matusi yenye tarehe. Andika nyingine."

Nilisema nitaandika kesho. Kesho yake nilikaa mbele ya karatasi tupu, na kila nilipofika kwenye neno "Meneja" kalamu ilikataa kuandika "Mheshimiwa" mbele yake. Jumapili nilijiambia nitaandika Jumatatu kichwa kikiwa baridi. Nilijua barua ile ni sharti iandikwe. Nilijua itaandikwa. Niliyajua yote mawili kwa siku tatu nzima, na mstari wa kwanza haukuwapo.

Jumatatu asubuhi karani alinikuta kwenye ngazi. Hakuitikia kwa kichwa safari hii. Alinionyesha karatasi moja yenye mihuri, na chini yake sahihi ya mjomba, ile aliyofundishwa ukubwani, yenye herufi zinazosimama mbali mbali kama watu waliogombana. Mimi mchomaji wa tanuri nakiri kwamba nilikuwa nalala zamu. Nimekubali kuacha kazi kwa hiari. Naomba asiulizwe mtu mwingine yeyote.

"Alikuja Ijumaa ile ile mchana," alisema karani. "Meneja alitaka vichwa viwili, mzee akamwambia chukua hiki, kimezeeka, kiache kile. Akaomba usiambiwe mpaka leo."

Nilikwenda kwa miguu mpaka kwake, na koti la maabara mwilini. Nilimkuta uani anafua mashati yake ya kazi, ya mwisho, anayasugua vizuri kana kwamba atayavaa kesho.

"Mjomba, umesaini uongo."

"Nimesaini."

"Nitakwenda kusema. Leo hii. Nitaandika hiyo barua, nitampigia magoti huyo..."

"Utasema nini? Kwamba sikulala? Nimeshasema nililala, kwa mkono wangu." Akakamua shati. "Ukifungua mdomo tutakuwa nje wawili. Mimi nilibakiza miezi minane. Wewe umebakiza miaka thelathini, na wanao wawili wanasoma. Hata wewe mwenye hesabu, hiyo unaiweza."

"Lakini jina lako."

"Jina langu uliliweka mezani Jumatatu ile," alisema, na hiyo ndiyo mara pekee aliyonilaumu maishani. "Mimi nimekwenda kuliondoa tu. Sasa nipe hizo klipu."

Nikampa klipu za kuanikia. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Nilirudi kazini. Wiki ile ile Magodoro aliingia chumba cha tanuri akiwa peke yake, na alipotoka kipimo kilikuwa kinasoma mia tisa na hamsini, na mawe yakarudi kukaa siku moja. Hakuandika agizo. Hakumwambia mtu. Kumbe alikuwa amenisikia vizuri tangu siku ile ya kalenda. Nilikuwa nimemdharau kiasi kwamba sikuwahi kufikiri anaweza kuelewa ninachosema.

Mchomaji mpya ni kijana anayependa kiti chenye mgongo. Niliwahi kumkuta saa nane mchana amelala mdomo wazi, na tanuri linakwenda lenyewe kwa mia tisa na hamsini kama kawaida. Chokaa ilitoka nyeupe, nyepesi, imeiva mpaka moyoni. Kiwanda cha ngozi kiliandika kushukuru. Na uani, kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya chakula, nilisikia wanavyosema: mnaona? Tangu mzee aondoke, mawe yanaiva. Kumbe kweli alikuwa analala. Na sisi tulimheshimu.

Mimi mwenye ulimi wa asidi nilipita na sahani yangu.

Mwezi wa pili, siku ya mapumziko, nilikwenda kuwasalimu mjomba na mkewe. Mjomba alikuwa anatengeneza bawaba ya mlango wa jikoni, bisibisi mkononi. Mkaza mjomba, aliyenilea kama wa tumbo lake, alinikalisha kwenye kochi akakaa karibu yangu, akalaza kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Mwanangu," alisema, "nataka kukuuliza jambo, na huyu akinuna anune. Miaka ishirini na miwili nalala na mtu huyu. Usiku panya akipita anaamka. Walipokuja kuniambia alikuwa analala kazini niliwafukuza. Nimegombana na jirani, nimegombana na dada yangu, sizungumzi nao mpaka leo. Yeye mwenyewe ananiambia kweli alilala, sikuamini, nikasema ana lake analificha. Lakini watu wanasema tangu aondoke chokaa inaiva. Mimi sikusoma. Wewe uko kule, na sayansi unaijua. Niambie wewe. Alikuwa analala?"

Nyuma yake, mlangoni, mjomba alikuwa amesimamisha kazi. Alinitazama, akatikisa kichwa mara moja tu.

Nilijua jibu kwa digrii zake na kwa juli zake. Ningeweza kumweleza mama yule asiyesoma akaelewa kuliko meneja. Na nilijua pia kwamba nikimweleza, kesho saa moja atakuwa getini na kanga kiunoni, na kila alichokilipia mjomba kitakuwa kimekwenda bure.

"Alilala, mama," nikasema.

Kiganja chake kilibaki juu ya mkono wangu kwa muda, kizito. Kisha akakiondoa, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Haya," alisema. "Itabidi niende kwa dada nikamwombe radhi. Afadhali nimelisikia kwako. Wengine wote niliwaona waongo."

Mjomba akageuka, akaendelea kukaza skrubu za mlango.